Mstari wa Saba

Miaka thelathini na mmoja nilishika kalamu nyekundu
pale Mabatini, darasa la sita, mikondo miwili,
mawe ya mlima yakituchungulia dirishani.
Leo nasahihishwa mimi.

KOSA: MSTARI WA SABA.

Kosa gani, haifafanui. Au inafafanua,
kwa Kiingereza cha karani aliyechoka.

Kwandu, mjukuu wangu, kaniachia kompyuta yake
kabla hajawahi kivuko cha Kamanga:
"Bibi, hesabu za kikoba ziandikie programu,
uachane na hilo daftari lenye mafuta ya taa."
Nimeandika. Ikiwa mwanachama amechelewa,
atozwe elfu mbili.
Mtoto yeyote wa Mabatini angeelewa.

KOSA: MSTARI WA SABA.

Nausoma kwa kidole, kama tulivyowafundisha.
Mabano yamefungwa. Alama za mtajo zipo, pande zote mbili.
Mwishoni nuktapacha, hizo hapo.
Nafuta neno moja, naliandika upya, naapa.
Nakagua na wa sita, maana Kwandu alinionya:
mashine hii hulilia kidole
wakati mwiba uko kiganjani.
Wa sita mzima.

Ndipo nukta ya juu ikatembea.

Wadudu wa ziwani, wawili, wamefuata mwanga wa kioo,
mmoja juu ya mgongo wa mwenzake, wametulia
pale pale nilipopaswa kuweka alama.
Nikapuliza. Wakaruka.
Mwisho wa mstari mtupu.

Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Kisha nikanyamaza.
Lufunga, aliyekaa dawati la mwisho, mwaka wa themanini na nane,
katika insha yake ya kwanza ya Kiswahili:
"Mama yangu imeenda ziwani na haijarudi."
Nilizungushia *imeenda*. Nilizungushia *haijarudi*.
Pembeni nikaandika NGELI! na mshangao wake,
nikampa nne kwa kumi,
nikachukua daftari la anayefuata.

Mashine hainielewi, ndiyo maana inakataa.
Mimi nilimwelewa.

Saa sita na robo. Umeme umecheza mara moja, umetulia.
Nimegonga nukta mbili, za kwangu,
nikazigusa kwa ukucha kuhakikisha haziruki.

Imesogea.
KOSA: MSTARI WA KUMI NA MMOJA.