Neno Jipya la Mlango

Ukuta wa nyumba yangu hapa Wete
ni mawe na chokaa, upana wa dhiraa.
Marehemu Shaame aliujenga akijisifu:
"Huu haupitishi hata mlio wa mbu."
Basi kisanduku cheupe juu ya kabati,
pembe mbili kama konokono,
kinaupita kama harufu ya pilau
siku ambayo jirani hukumwalika.

Nilidhani wananipenda.
Kila baada ya isha, barazani kwangu,
vijana saba, wanane, vichwa vimeinama,
nyuso za buluu. Hawagombani, hawachezi karata.
Nikasema, malezi hayajafa Pemba.
Nikawatolea kahawa.

Kifurushi cha mwezi kikafa tarehe kumi na moja.
Kilichofuata kikafa tarehe tisa.
Na mimi sina langu ila Salhina, mwanangu,
aliyeko Maskati, Ijumaa kwa Ijumaa:
sura yake ikaganda, mdomo wazi,
kwenye neno ambalo sikulisikia.

Nilikuwa mpimaji karafuu miaka ishirini na mbili.
Pishi naijua, iliyojaa na iliyodokolewa.
Karafuu tukianika tunalala nazo uwanjani,
mkono juu ya jamvi.
Lakini hiki wakikidokoa hakipungui machoni.
Hakiachi punje njiani.

Kisha akaja sheha, kofia mkononi,
jambo ambalo sheha halifanyi bure.
Mtu wa Mtambwe katapeliwa laki tatu,
na uzi wa ule ujumbe, polisi wakiuvuta,
unaishia kabatini kwangu.
"Nilikuwa nimelala, Bwana Rehani."
"Wewe ulilala, Bi Mwanaiche.
Mlango wako ulikuwa macho."

Nywila yangu ilikuwa shaame1234.
Nani Wete hakumjua Shaame?
Nani hajui kuhesabu mpaka nne?

Nikamwita Hidaya, binti wa fundi redio,
kidato cha tatu, miwani imefungwa uzi.
Akaingia kisandukuni kwa kidole,
akanisomea kama mwalimu anayeita majina skuli:
Simu ya Faki. Simu ya Faki ya pili.
Chui wa Jadida.
Televisheni (mimi sina televisheni).
Na kimoja kisichojipa jina.
Hakuna hata mmoja aliyepiga hodi.

"Neno la kiwandani, bibi, bado ni lile lile
lililobandikwa chini ya rauta. Tulitoe.
Hiki kitufe cha kuunga kwa kubonya, tukizime.
Sasa neno lako. Refu.
Lisiwe mtu, lisiwe mwaka."
Akageuza uso, kama anayempisha mtu avae.

Nikaandika aliyonambia Shaame
usiku wa mvua ya vuli, mwaka tuliouza mbuzi,
mimi na yeye na taa ya chemli.
Herufi thelathini na moja.
Malaika wa mabegani wenyewe
iliwabidi wainame kuyasikia.

Usiku ule baraza tupu.
Birika likapoa lenyewe.
Paka akalala pale anapokaa Faki.
Sikuibiwa kitu,
na sikusalimiwa na mtu.

Siku ya tatu nikamrudia Hidaya:
"Nyumba zetu zina baraza, zina ukumbi, zina ndani,
na mgeni anajua mkeka wake unapoishia.
Kisanduku hiki hakina ukumbi?"
Akacheka. "Kinao, bibi. Kilikuwa hakijafunguliwa."

Basi sasa wageni wana neno lao,
chembamba chao cha kupimiwa, mpaka saa nne.
Kila Jumamosi nalibadilisha,
na halipatikani ila kwa mdomo, mlangoni.

"Hodi."
"Nani?"
"Faki Kombo Faki."
"Wa simu mbili?"
Kimya.
"Wa simu mbili, bibi."
"Karibu."

Kile kisicho na jina hakijabisha mpaka leo.

Na Ijumaa Salhina alizungumza hadi mwisho,
hata akapiga chafya, nikaiona yote.
Nikamuuliza lile neno la siku ile.
Kalisahau.