Anwani ya Kudumu

Fomu iliuliza: anwani ya kudumu.
Sawadogo akaishika kalamu kama kijiko cha dawa,
akatazama dirishani, upepo wa Julai
ukichapa mabati ya Kikuyu,
kisha akaniambia, "Mama Ndahani,
sanduku lako la posta ni namba ngapi?"

Nikamtajia. Nilidhani utani.

Kabla yake chumba kilikuwa cha Ingunn wa lishe,
aliyesonga ugali wa uwele hadi kiganja kikatoka malengelenge,
na siku ulipotoka bila madonge
mkataba ukaisha.
Kabla ya Ingunn, Prakash. Alishughulikia nini, nimesahau.
Nakumbuka kikohozi chake cha usiku
na kopo la pilipili asilomwachia mtu.

Wote hupima sanduku kwa mzani wangu wa karanga.
Kilo ishirini na tatu. Kinachozidi kinabaki:
plagi za nchi tatu,
nusu chupa ya mchuzi wa samaki
niliyoshindwa kuila, nikashindwa kuimwaga,
na buti za mvua za Sawadogo
(za mvua! Dodoma!)
zenye tope jeusi la Bentiu kwenye soli.

Alikuja kupima visima vya Bahi, vyenye chumvi.
Nilimfundisha kwamba maji, kwetu Wagogo, ni malenga,
na kwamba pwani neno hilohilo
humpa heshima mtunga mashairi.
Akacheka mpaka akakaa chini.
"Kumbe miaka miwili nachimba
namtafuta mshairi!"
Walimpata, mita tisini. Hanyweki.

Siku hizi sanduku langu limejaa watu.
Benki ya Ouagadougou inamdai Sawadogo sahihi.
Kodi ya kwao Ingunn inamkumbusha, kwa upole.
Ikaja kadi isiyo na bahasha, mwandiko wa mtoto
unaopanda mlima kila mstari;
nilisoma neno moja tu ninalolijua: Papa.

Nikampigia picha, nikamtumia.
Wiki nzima kimya. Kisha usiku wa manane:
"Mama, niko Haiti. Mvua haikatiki.
Buti zangu zipo?"

Zipo.

Leo nimezifunga kwa gunia la karanga,
nimezipeleka posta. Karani kanipa fomu.
Jina la mpokeaji: nimejaza.
Uhusiano wako naye:

Nimeishika kalamu.
Nyuma yangu foleni inakohoa.