Pipa Lililopandwa Pepo

Mishi alilipasua pipa kwa grenda
mchana wa Jumanne, mkabala na dirisha langu.
Cheche zikarukia kamba ya nguo,
zikatoboa kanga yangu matundu matatu,
nami nikamtukana kwa Kidigo ili aelewe vizuri.

Lilikuwa pipa la lami, bado linanuka barabara.
Akalikata toka mdomo hadi kitako,
kisha hakuziunganisha nusu zilivyokuwa:
alizipishanisha,
kama viganja viwili vilivyotaka kupiga kofi
vikakosana.
Mhimili aliupata Pongwe, kwenye korona iliyozimika
siku bei ya katani ilipozimika.
Altaneta ya Fuso. Mkanda wa kinu cha kusaga,
ili uvivu wa pipa uwe mbio kwa altaneta.
Beringi mbili, moja mpya.
Akalisimamisha juu ya paa la karakana, wima,
kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Mbona halina mapanga?" akauliza Semkiwa wa duka la saruji,
aliyeona kwenye kalenda minara myeupe
yenye mapanga matatu.
"Yale hugeuza uso kuutafuta upepo," alijibu Mishi,
kinyago cha kuchomelea kimekaa utosini.
"Hapa Ngamiani upepo hauji kwa adabu.
Unagonga ghorofa, unapinda uchochoroni,
unarudi na vumbi na moshi wa vitumbua.
Hili haliulizi umetoka wapi."

Watoto wa chuoni hawakukawia:

    Pipa limepandwa pepo,
    lazunguka papo hapo,
    halipai, haliendi,
    fundi wake yupo yupo.

Nami nilicheka. Niseme kweli: nilicheka kuwashinda.

Kisha ukaja mgao, siku ya kumi na nane
ya mayai yangu sitini.
Kitotoleo changu ni sanduku la plaiwudi,
balbu moja, kipimajoto, bakuli la maji.
Mfuga kuku anaijua kumi na nane:
huyageuzi tena mayai,
vifaranga wameshachagua upande wa kutokea.
Joto likianguka, wanafia mlangoni.
Saa mbili usiku balbu ikafumba.
Nikayafunika kwa kanga, ile yenye matundu.

Mishi hakunisimanga.
Alivuta waya juu ya ukuta, toka betri hadi sanduku,
akasema tu: "Wati arobaini, shoga.
Usije ukanichomekea pasi."

Sikulala. Nililisikiliza.
Halivumi. Linasema fu, fu, fu,
kama anayepoza uji wa mtoto.
Upepo ukilegea, linageuka kwa kusitasita,
mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Saa tisa lilisimama kabisa, betri ikashika zamu.
Alfajiri umande ukateremka kutoka bara
na pipa likaanza upya, bila kusukumwa.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.
Hili halina tezi, halina omo.
Marejeo yake ni Ngamiani,
mara hamsini kwa dakika.

Waliototolewa ni arobaini na mmoja.
Kumi na tisa hawakutoka.
Sisemi ni mgao, sisemi si mgao.

Semkiwa alikuja kuuliza bei.
Mishi akamwambia yale ambayo muuzaji hasemi:
halitavuta friji,
uwandani la mapanga matatu litalishinda,
na beringi ya chini, inayobeba uzito wote,
haitamaliza mwaka bila grisi.
Akanunua nusu bei, nusu kwa saruji.

Jana ile ya chini imeanza kulia.
Mishi yuko Muheza, anachomelea geti la shule,
kwa hiyo ngazi nimepanda mimi,
kopo la grisi kwapani,
upepo umenishika ushungi hauniachii.
Nikaweka kiganja kwenye bati ili lisimame.
Likasukuma, polepole,
kama kifaranga
ndani ya ganda.