Mnong'onezi

Miaka thelathini na mmoja nimeketi shimoni
chini ya ukingo wa jukwaa la Kutaisi,
kichwa tu kimejitokeza, kama kobe.
Neno likimponyoka mwigizaji
mimi hulidaka na kumrudishia
kabla hadhira haijasikia limeanguka.
Kwa hiyo msiniulize sura ya Otia Jincharadze.
Niulizeni viatu vyake.

Vya kwanza vilikuwa vya kuazima, vikubwa,
kavijaza gazeti. Mtumishi wa tatu, mstari mmoja:
"Bwana, farasi wako tayari."
Akasema, "Farasi, bwana wako tayari,"
na ukumbi ukacheka hadi vumbi likadondoka kwenye taa.
Kuteleza si kuanguka:
kesho yake watu walirudi wamcheke tena,
na mwelekezi aliyetaka kumfukuza
akamwongezea mstari wa pili.

Kisha buti za wafalme.
Kisha studio ya Tbilisi ikamwita,
akafa katika filamu kumi na nne:
kwa risasi, kwa upanga,
mara moja kwa kuumwa na nyuki.
Mama yake, Nazibrola, alitoka sinema mapema kila mara.
"Mwanangu kishakufa," alisema, akifunga kitambaa,
"nibaki kumtazama nani?"

Majira yale ya giza, umeme ulipopotea miezi,
tiketi ilikuwa gogo moja la kuni.
Tuliigiza kwa taa za mafuta, makoti mwilini,
na kwa mara ya kwanza niliyaona maneno:
kila moja lilitoka na mvuke wake.
Ya wengine yalitoka makavu.
Ya Otia yalifuka.

Ndipo usiku ule. Alikuwa na miaka sitini na sita.
Tendo la tatu: baba mlangoni,
binti amerudi, mazishi yamekwisha.
Viatu vikasimama.
Nikanong'ona, *Umechelewa.*
Nikanong'ona tena.
Mara ya tatu nilimrushia kama jiwe.
Akainamisha uso, akanitazama,
kama mtu achunguliaye kisima
asiione hata ng'aro ya maji.

Binti akapiga magoti, akalia. Ukumbi mzima ukasimama.
Gazeti likaandika: "Ukimya Mkuu wa Jincharadze."
Nililichana, nikawashia jiko.

Masika akatangaza kwamba sasa ataelekeza.
Wakasema ameiva.
Wakasema, simba akiishiwa meno
hufundisha kunguruma.
Mimi nilinyamaza. Mdomo wangu
unazijua kazi mbili tu.

Mazoezini hakushika mswada.
"Sitaki machozi," aliwaambia vijana,
"nataka kuona mkono unaotafuta ufunguo
katika mfuko usio na ufunguo."
Aliwaita kwa majina ya wahusika,
hata kantini, hata barabarani;
wakadhani ni mbinu,
wakaanza kuitana hivyo wao kwa wao.

Usiku wa ufunguzi alishuka shimoni kwangu,
magoti yakilalamika, kanuka tumbaku na squashi ya plamu.
Vichwa viwili, kobe wawili.
Tamthilia ile ile, tendo lile lile.
Rati, miaka ishirini na minne, baba mlangoni,
ndevu za gundi, viatu vipya
vya namba yake mwenyewe.

Akasimama.
Nikahesabu. Tano.
Nikafumbua mdomo,
na kiganja cha Otia kikaufunika,
kikavu, kinatetemeka.
Tisa.
"Amesahau," nikasema ndani ya kiganja.
Kumi na moja.
Nikageuka kumtazama. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti,
nami midomo naisoma hata gizani:
*umechelewa, umechelewa, umechelewa.*
Alilipata. Alilishika kama mtoto
anavyoshika sarafu asiyetaka kuitumia.

Juu yetu
viatu vikasogea.