Bipu Tatu

Folklifti namba nne haina waya.
Ingekuwaje nao? Kutwa inazunguka
kati ya ghala la tatu na boila,
waya ungekatika kabla ya chai ya saa nne.
Basi niliifunga antena juu ya paa,
fupi, nyeusi, kama kikonyo cha bibo,
na kila nusu sekunde inakibipu chumba cha mitambo:
nipo.
Chumba kinajibu: nimesikia, endelea.
Hakuna salamu nyingine. Hakuna habari za nyumbani.

Bipu moja ikipotea, mtambo unavumilia.
Ya pili, unavumilia bado.
Ya tatu ikipotea mkanda unasimama,
na mkono wa chuma unaosukuma magunia
unaganda hewani.

Likotimo, dereva, aliniambia wiki ya kwanza:
"Somoe, mashine yako ina woga wa kuku."
Nilimwelewa. Msimu umekolea,
malori yamejipanga toka getini mpaka barabara ya Naliendele,
na yeye analipwa kwa tani.

Sauti ilikuwa inazama nyuma ya rundo la kumi na mbili.
Nilipima usiku, nikapima mchana.
Korosho ghafi zilizonyeshewa na mvua ya Novemba
hunywa redio kama mchanga unavyokunywa maji.
Nikapandisha antena ya pili kwenye kenchi,
nikahama masafa kuwakwepa makarani
wanaoangalia mpira ofisini.
Ikapungua. Haikwisha.

"Iongezee subira," akasema. "Iwe bipu kumi."
Bipu kumi ni sekunde tano, nikamwambia. Hesabu.
Nikamwelekeza kwenye ule mkono.
Akahesabu akitazama vidole vyake mwenyewe,
alipofika mbili akanyamaza.

Mama yangu yuko Nanyamba.
Kila siku baada ya magharibi ananibipu.
Sipokei; ndiyo makubaliano, vocha ni ghali.
Mlio mmoja, kimya. Maana yake:
nimekula, mguu haujavimba, mbuzi wamerudi.
Nami nabipu. Maana yake: haya.

Jumanne hakubipu.
Nikasema mtandao.
Jumatano nikasema mvua.
Fundi mzima, natafuta masafa ya kujidanganya.
Alhamisi nilikuwa juu ya ngazi, bisibisi mkononi,
magharibi ikaingia, ikapita,
na kitu ndani yangu kikaganda hewani.

Nikamwachia Likotimo funguo za kabati,
nikakodi bodaboda, matope mpaka magotini.

Nilimkuta barazani anapepeta choroko kwa mwanga wa kibatari.
Simu?
Iko kwa Bakiri, kwenye chaji, tangu juzi.
Bakiri kaenda msibani Newala, ufunguo wa kibanda mfukoni.
"Umeacha kazi kwa ajili ya hilo?"
Akacheka mpaka khanga ikamdondoka.
Kwa mwoga huenda kicheko;
nikakaa kwenye ungo wake, nikapokea changu chote,
nikala na ugali wa muhogo.

Asubuhi Likotimo alikuwa amekaa juu ya gunia,
macho mekundu.
"Mama?"
"Chaji."
Akatikisa kichwa.
"Mkanda ulisimama usiku, mara mbili," akasema.
"Sikubonyeza kitu. Nilishuka, nikaenda nyuma ya rundo, nikaangalia.
Hapakuwa na mtu."
"Halafu?"
"Halafu nikaangalia tena."