Daftari la Punda

Mimi ndiye mwandishi wa ubao ule mweusi
uliopigiliwa ukutani kwa naibu chifu.
Nilipewa chaki kwa kuwa mwandiko wa Bwana Kupi,
mwenyewe akiri, ni nyayo za kuku matopeni.
Silipwi. Chaki huniletea mwalimu,
vipande vilivyosazwa na hesabu.

Jumatatu niliandika:
JABIA LITASAFISHWA KABLA YA MASIKA.
KILA NYUMBA MTU MMOJA, NDOO MOJA, FAGIO.
Jumanne: AMEPOTEA MBUZI WA BI ATIYA,
SIKIO LA KUSHOTO LIMEKATIKA.
(Alikuwa jikoni kwa jirani. Hilo sikuliandika.)
Jumatano nikafuta kwa kipande cha leso kuukuu,
ila ubao huu haufutiki wote:
chini ya mbuzi utaona jabia,
chini ya jabia, kwa herufi kama moshi,
MUUGUZI MPYA ATAFIKA MWEZI UJAO.
Ujao huo niliuandika mwaka juzi
kwa mkono huuhuu, kwa chaki ya rangi,
kwa sababu nilifurahi.

Zahanati ina mlango, mlango una kufuli,
kufuli lina kutu, na kutu ina wajukuu.
Famau aliyechungulia dirishani asema
ndani ya mzani wa watoto
kuku wa mtu anaatamia mayai.
Walau yupo anayepimwa.

Lakini daktari wa punda huja.
Huja kwa mashua ya injini, maji yakijaa,
na koti lake jeupe na sanduku la barafu,
mwaka huu mara tatu, Mungu amlipe:
punda wetu hawana minyoo, kwato zimechongwa,
wapita vichochoroni wamenyanyua vichwa
kama watu wenye bima.

Alhamisi ile Mwanatumu Shali alipanga foleni
kati ya punda wa Lali mchimba mawe
na punda asiye na mwenyewe.
Mgongoni mwanawe, mguu umepasuliwa na bati,
kitambaa kimelowa.
Watu walicheka, kisha wakaacha.
Daktari akasema: Mama, mimi ni wa wanyama.
Mwanatumu akasema: Sindano haiulizi nyama ya nani.
Akasema: Sheria hainiruhusu.
Akasema: Sheria iko Lamu. Damu iko hapa.

Alinawa mikono, akanawa tena.
Alishona nyuzi sita.
Mtoto aliuma hatamu ya punda wa Lali, hakulia.
Na kwa kuwa kila uzi utokao una hesabu yake,
daktari alifungua daftari, akafikiri, akaandika:
Punda mmoja, mdogo, maji ya kunde.
Jeraha la mguu. Mwenyewe: Mwanatumu.

Jioni Bwana Kupi alinikuta na chaki mkononi.
Alikuwa ameshika shavu,
jino lamtesa tangu Shaabani.
Hili usiliandike, akaniambia.
Wataulizana huko juu.
Sikuandika. Niliandika habari ya kodi ya soko,
soko lenyewe likiwa wanawake wanne na mkeka.

Mguu umepona. Wenziwe mtoto wamemwita Kihongwe,
naye huitika, hukimbia mbele yao wote
akionyesha kovu kama mtu aonyeshaye saa mpya.
Na mimi kila nikipita zahanati
husikia vifaranga.

Jana habari ikaja, mashua i njiani.
Nilifuta soko, nikafuta mkeka,
nikaandika kwa chaki ya rangi iliyobaki:
ALHAMISI, MAJI YAKIJAA, DAKTARI WA PUNDA.
WENYE WATOTO WATANGULIE.

Bwana Kupi alitoka na kitambaa cha maji.
Alisoma. Akasoma tena, midomo ikitembea.
Kitambaa kilimdondokea viatuni, tone, tone,
asikiinue.
Kisha akashika shavu, akatazama kushoto, kulia,
akaniinamia kama anayeuliza bei ya kitu cha magendo:

"Huku kutangulia,
ni saa ngapi?"