Mziba Matundu

Kiko kiko mezani, juu ya gazeti la juzi,
kimebanwa na jiriwa kana kwamba kitatoroka.
Leland Kolesar anakishughulikia tangu saa moja asubuhi.
Gereji imejaa vumbi jekundu,
vumbi limemkaa nyusini, limeelea kwenye kahawa iliyopoa,
na mrija haujaguswa bado.

Mzizi huu ulichimbwa Kalabria,
ukachemshwa, ukalazwa gizani miaka mitano,
ukavuka bahari ndani ya gunia,
dola arobaini kipande kabla tupa haijaulamba.
Nyuzi zake zimesimama wima
kama manyoya ya paka aliyeshtuliwa.

Tupa ikapita mara moja zaidi
na tundu likafunguka.
Dogo. Jicho la sindano.
Ubavuni mwa bori, pale pale kidole gumba hupumzika.

Leland hakutukana.
Alifunua pipa la taka, akatupa humo
masaa kumi na moja ya kazi.
Daktari wa meno kule Oregoni
atasubiri mwezi mwingine.

"Umetupa nini?"
Mama yake, mlangoni, na sahani ya kabichi iliyoviringwa nyama.
"Kina tundu."
"Tundu!"
Bernadine akacheka mpaka mchuzi ukamwagika.

Miaka kumi na minane alikuwa mziba matundu
kiwandani kwa Ostrander, ghorofa ya pili,
wanawake thelathini kwenye benchi moja refu,
madirisha yamepakwa rangi wasije wakatazama mto.
Viko vilikuja kwa trei, gurusi baada ya gurusi.
Kisu chembamba, lipu ya kahawia, kidole.
Sekunde arobaini. Kingine.
Kisha rangi ya damu ya mzee ikafunika yote
na kiko kikaenda kuning'inia duka la dawa,
dola moja na nusu, brashi ya bure,
na karani fulani wa posta akakivuta miaka ishirini
asijue anashika alama ya kidole cha msichana
ambaye hajawahi kuvuta chochote.

(Mashine ya kukerezea nayo ni ya Ostrander.
Kiwanda kilipofungwa waliuza mpaka vitasa.
Leland aliikuta bandani kwa mfugaji wa kuku,
matetea watatu wameatamia juu yake,
akaibadilisha na jokofu.
Siku za unyevunyevu bado inanuka mbolea.)

"Ninyi mlikuwa mnaficha," akasema mwana.
"Mimi jina langu nalichonga pale chini.
Siwezi kumuuzia mtu lipu kwa dola mia sita."

"Hatukuficha. Tuliziba.
Ufa huzibwa, Leland. Nyumba hii unadhani imesimama kwa nini?"

Akaweka sahani juu ya msumeno.
Akainama, goti likalia, akakitoa kiko pipani.
Akaomba gundi tu.
Vumbi jekundu alilichota mwenyewe sakafuni,
akalikanda kiganjani kama anayetengeneza dawa ya mtoto.
Vidole vimepindwa na baridi yabisi,
lakini kisu kilijua njia.

Leland, bila kukusudia,
alikuwa akitazama saa ya ukutani.

"Ngapi?"
"Hamsini na mbili."
"Nimezeeka," akasema mama,
akajifuta mikono kwenye aproni ya mwanawe,
akamwambia kabichi inapoa.

Kiko kile hakikwenda Oregoni.
Hakimo kwenye orodha ya bei.
Mahali pa jina, kwa ncha ya kisu, vibaya vibaya,
pameandikwa arobaini na moja:
nambari ya kadi yake ya mshahara.

Ukimuuliza Leland, kiko hicho kiko wapi,
hatajibu upesi.
Atapapasa mfuko wa shati,
na kidole gumba kitafika kabla yake.